Upepo wa Moto Nyuma ya Hoteli

Jumatatu, 22 Aprili 1974

Mvua tena. Blauzi yangu ya shule mbichi, inanuka uvundo. Ya Biubwa, ninayelala naye chumba kimoja, binti wa baba mkubwa, imenyooka kama karatasi. Kaipiga pasi ya mkaa, mkaa uliobaki kaumwagia maji nisiutumie. Darasani akaniuliza kama nimelala mtoni. Mimi hujibu humu daftarini tu.

Baba ndiye msimamizi wa hoteli ya Bwana Muhidini. Leo ukumbini wamefungiwa mashine ya baridi. Ajabu, ni vipande viwili! Cha ndani, ukutani, kinapuliza baridi. Cha nje, nyuma ya jiko, kinatupa joto. Baba anasema cha ndani kitasifiwa, cha nje ndicho kitakachotoka jasho. Nilisimama mbele ya hicho cha nje. Upepo wa moto, mkavu! Nikapata wazo.

Jumatano, 24 Aprili

Blauzi imekauka kabla chai haijapoa. Kuna kibandiko cha Kiingereza kinachokataza kuiziba mashine. Nimekielewa vizuri, Kiingereza mimi ni wa kwanza darasani. Nikaona blauzi moja haizibi kitu.

Bi Ashatu, jirani, anamwoza binti yake Jumapili na khanga zake zote mbichi. Kaniuliza siri yangu. Nilitaka kukataa. Haya ikanishika, nikasema leta.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Hotelini dhifa, wageni wa Dar na suti zao. Mbele ya mashine pamejaa khanga, nikabandika nyingine na nyuma yake, inakovutia hewa. Nguo zinajishikilia zenyewe, hata kibanio hazitaki! Nikaongeza na shimizi langu.

Mashine ikakoroma. Ikanyamaza. Ukumbi ukawa tanuri. Mgeni mmoja akavua koti, akavua tai, akatoka. Bwana Muhidini akamwambia Baba mbele za watu kwamba kaiacha mashine ikaharibika, kesho asije kazini.

Nilikuwa mlangoni na sinia. Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Nikasema karibuni sambusa.

Fundi Wilbrodi, aliyeifunga, alikuwa mwalikwa. Akazunguka nyuma, na nusu ya wageni wakamfuata. Akazichomoa khanga moja moja. Mwisho likatoka shimizi. Mama alilitarizi jina langu kwa uzi mwekundu, Biubwa asilichukue. Biubwa huyo huyo, niliyekuwa nikigawa naye sambusa, akalisoma kwa sauti: SIHABA.

Baba alilitazama. Baba, asiyejua uongo.

“Hilo tambara langu la kufutia mashine, bwana. Kosa ni langu.”

Bwana Muhidini akaligeuza huku na huku.

“Msabaha, tambara lako lina lesi.”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi akaiwasha mashine, ikanguruma. Bwana Muhidini, kwa kicheko, akasema basi, Baba abaki na kazi yake. Lakini usiku kucha asimame na kipepeo cha mkono, awapepee wageni wa meza kuu hata kama baridi ipo. Akawapepea. Mimi nilijificha stoo, nyuma ya magunia ya mchele.

Jumamosi, 27 Aprili

Mjini Baba sasa anaitwa Mzee Lesi. Hata muuza kahawa!

Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Maneno nilikuwa nimeyapanga, ya Kiswahili, na ya Kiingereza ya akiba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikamwuliza kama anataka chai. Akanywa yote, akairudisha bilauri.

“Lakini lilikauka vizuri,” akasema.

Nikaenda kulia chooni. Nimeapa: sitatundika tena nguo kwenye mali ya mtu.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Harusi imepita, wageni wa Bi Ashatu hawajaondoka, na wana watoto wachanga. Kaniletea kapu zima la nepi. Haya ikanishika.

Marselina wa darasani kwetu anasema tanuri la mikate la baba yake, hata likizimwa, joto hukaa mpaka jioni. Nimemwambia ni nguo chache tu, wala baba yake hana haja ya kujua. Kisha tanuri si mashine, haliwezi kukoroma.

Sasa hivi nina sindano mkononi. Nafumua jina langu katika kila nguo yangu.