Nakala Namba Saba ya Kazane Mimori

Teruhiko Makabe alikuwa na mali moja tu ya halali: CD ya wimbo mmoja wa Kazane Mimori, nakala namba saba kati ya mia tatu, nailoni yake haijaguswa na ukucha. Akiwa kijana aliipangia foleni siku mbili kwenye theluji. Sasa ilikuwa chambo. Ameshaiuza mara kumi na moja, na bado anayo.

Ujanja wenyewe mwepesi. Mteja anaonyeshwa ya kweli, anapewa ya bandia: kasha lile lile, namba saba ile ile, ndani biskuti ya mchele. Nani atafungua? Mkusanyaji wa Tokyo yuko radhi akatwe kidole kuliko kuchana nailoni.

Ndipo akampata Mama Hirukawa, mjane wa miaka sabini. Wakakutana mkahawani, Nakano.

"Namnunulia marehemu mume wangu," mama alisema. "Naiweka kwenye madhabahu yake, nimfukizie ubani."

Makabe akafuta chozi, alikuwa nalo tayari. Mteja marehemu, jamani. Huyo hata kulalamika haji.

"Kwa ajili ya mzee, mama, yen laki mbili tu."

"Una roho nzuri, mwanangu."

Akamwonyesha ya kweli, akairudisha mkobani eti aifunge vizuri, akatoa kasha la biskuti. Mama akaiweka mezani, akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili, akasimama, akainama. Makabe naye akainama. Mama akazidi kuinama. Sasa utainuaje kichwa kabla ya bibi wa watu? Makabe alikuwa tapeli, hakuwa mshenzi. Akabaki anatazama viatu vyake, shukrani zikimmiminikia, mpaka zikakoma.

Alipoinuka, mama hayupo. CD iko mezani.

"Maskini, kasahau," akasema, akafungua bahasha, maana mbele ya mtoaji haifunguliwi. Ndani, matangazo ya bei za samaki, yamekatwa saizi ya noti.

Akatia mkono mkobani. Kitana tu.

Labda bibi kachanganya, labda hii ya mezani ndiyo ya kweli. Lakini ukiichana kujua, umeiua bei yake. Akaigeuza, akaipapasa, akakumbuka ile theluji, moyo ukamuuma kwelikweli. Akachana.

Mhudumu akasogea, akainama kwa adabu.

"Samahani, mteja wetu. Hapa hairuhusiwi kula chakula cha kutoka nje."