Kaka Mkubwa Hajajenga

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Iandikwe na ikumbukwe: leo saa tatu asubuhi mimi, Cephas, nimefungua laptopu ya kikundi chetu cha wavuvi bila msaada wa Maxwell. Nywila ilikuwa imebandikwa chini yake kwa plasta. Hilo halipunguzi chochote.

Hali ni hii. Watu wa mradi kutoka Homa Bay walituletea hapa bichi, ufukweni tunapopakulia samaki, chumba cha baridi cha kuwahifadhi. Cha majaribio, kinatumia sola. Sharti ni moja: ofisi yao ipokee kiwango cha baridi kila saa, wiki hii yote. Jumamosi wanakuja kuamua. Wakikosa habari, chumba kinapakiwa kwenye lori kinapelekwa bichi nyingine, na mbuta wa akina mama wanarudi kuoza ndani ya magunia kama mwaka jana. Phelesia, mwenyekiti wa akina mama wauza samaki, amenisimamisha njiani. Kasema hataki kujua mashine inaitwaje. Mwaka jana alizika samaki kwa jembe. Hataki kulishika tena jembe hilo kwa kazi hiyo.

Nimemwambia alale usingizi. Kipimajoto kina waya, waya umeingia kwenye laptopu, programu ya kusoma baridi ipo. Kimebaki kitu kimoja, laibrari ya mtandao, yaani kipande cha programu kinachojua kuongea na kompyuta za mbali. Maxwell, mwenye diploma ya kompyuta ya Migori, ambayo huitaja kama wengine wanavyotaja ubatizo wao, anasema laibrari kama hizo huchukuliwa zikiwa tayari. Nimemjibu kwamba mimi si mtu wa vitu tayari. Nitachukua msimbo wake, yale maandishi yenyewe, niijenge hapa hapa.

Amesema sawa, fundi. Hilo "fundi" sikulipenda.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeenda Homa Bay kuchukua msimbo kwa flashi, maana mtandao wa hapa hubeba ujumbe mfupi na lawama tu. Safari nzima. Faili lenyewe ni dogo kuliko picha moja ya harusi ya dada yangu.

Nimeanza kazi saa nane, ofisini kando ya chumba cha baridi, mlango wazi. Kabla ya kujenga, mashine hujikagua kwanza: ina hiki, ndiyo, ina kile, ndiyo. Maandishi yanapanda kwenye kioo mbio mbio. Watu wakajaa. Nimegundua jambo: maandishi yakipanda, hakuna anayekuuliza swali. Wanakunyamazia kama mtu anayepasua mgonjwa. Nimeletewa uji. Nimeletewa kiti chenye mgongo.

Dakika ya pili ikasimama. Inasema haiwezi kuendelea kwa sababu kuna laibrari nyingine haipo, ile ya kufunga ujumbe kwa siri. Sikumwambia mtu. Nimeanzisha ukaguzi upya mara nne kwa ajili ya waliochelewa.

Phelesia hakuvutiwa. Aliuliza kama kiwango kimefika Homa Bay. Nikamwambia kiko njiani. Akatazama kipimajoto mlangoni mwa chumba, akanitazama mimi, akatoa simu yake akaondoka. Nadhani alikuwa anampigia mumewe.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeitwa na wazee wa bichi. Mbele yao alikaa Jaduong' Job, yaani Mzee Job, mwenyekiti wa bichi, ambaye pia ni ndugu wa baba yangu na hunichukulia kama mtoto wake. Akataka maelezo kwa nini siku ya tatu hakuna kitu.

Nilikosa njia nikasema ukweli. Nikasema hii laibrari yangu ni ndogo. Kuna mkubwa wake. Mkubwa hajajenga, kwa hiyo mdogo anakataa kujenga.

Jaduong' Job akaitikia kwa kichwa, polepole, na wengine wakafuata. Wakasema mashine hiyo imelelewa. Mzee mmoja akasema hakujua kompyuta zina adabu, angejua angemruhusu mjukuu wake kusoma mambo hayo. Mtoto mdogo atasimamishaje boma lake na kaka yake bado anaishi kwenye simba, kile kibanda cha kapera, uwanjani kwa baba? Hakuna aliyenilaumu. Waliilaumu laibrari kubwa kwa uvivu.

Maxwell akadakia kueleza jina la kitaalamu la tatizo hilo. Jaduong' Job akamkata: "Wewe, nyathina, mwanangu, si ulijenga Migori na Mniko bado hajajenga?" Mniko ni jina tu la utani la kaka mkubwa wa Maxwell, lakini kila mtu alielewa. Maxwell akakumbuka kuna kitu anataka kuangalia nje.

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimerudi Homa Bay, nimemleta kaka mkubwa kwa flashi. Kaka mkubwa naye anasema hajengi mpaka apate mkubwa wake, yule wa kubana mafaili. Huyo naye anataka kifaa cha ujenzi cha toleo jipya. Nimefika kizazi cha nne. Nikiendelea hivi nitamkuta Adamu, na atakuwa na kasoro.

Hata hivyo nilianza na huyo wa nne, ambaye kwa bahati alikuwemo kwenye flashi. Ujenzi unakula umeme. Laptopu ikapata moto wa kuweza kukausha dagaa wa omena. Nikaichomeka kwenye sola ya chumba cha baridi, pamoja na feni ya kuipoza, pamoja na simu yangu, kwa kuwa nilikuwa pale.

Saa kumi Phelesia akaingia bila hodi. Mlangoni kipimajoto kilikuwa kimetoka nyuzi nne kikafika saba. Ndani kulikuwa na mbuta wa nyumba kumi na moja. Alichomoa nyaya zote tatu kwa mkono mmoja. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba akina kaka zangu wa kwenye mashine wakitaka kula, wakale kwao.

Naandika hapa kwamba kazi imehujumiwa. Baridi ilirudi nne saa moja jioni. Sikumwomba msamaha, kwa sababu hakusimama kuusubiri.

Ijumaa, 13 Septemba

Kesho wanakuja. Nilikuwa nimekata tamaa mpaka Jaduong' Job alipopita kuuliza habari za kaka mkubwa. Nikasema amegoma. Akakaa kwenye kile kiti chenye mgongo, akaeleza kwamba kwao, kaka yake mkubwa alipopotelea Mwanza, hawakukaa bure kumsubiri. Walimsimamishia kibanda kidogo cha mianzi. Kazi ya asubuhi moja. Hakuna aliyelala humo, hata kuku. Lakini alihesabiwa amejenga, na wadogo wakaendelea.

Nikamtazama yule mzee kwa heshima mpya.

Alipoondoka nilitengeneza mafaili matupu. Nikayapa jina la kaka mkubwa. Nikayaweka pale ambapo kaka mkubwa angekaa, pamoja na kimstari hapa na pale cha kudanganya. Nikaanzisha ukaguzi. Laibrari ya siri ipo? Ndiyo.

Ndiyo! Nimesimama nikatembea kidogo.

Imejengwa kuanzia saa nne hadi saa tisa, kwa betri, kwa vipindi, Phelesia akiwa amesimama karibu na soketi muda wote. Ikafika mwisho. Nimeisimika mahali pake. Maxwell akauliza kama nimeijaribu. Nikamwambia kujaribu ni kwa watu wasiojiamini.

Jumamosi, 14 Septemba

Wamefika saa nne. Bi Cate wa mradi, suti ya kijani, na dereva. Lori lenyewe walikuja nalo, likaegeshwa mgongo ukielekea chumba cha baridi. Akina mama wote walikuwa pale na mabeseni yao.

Nilitoa hotuba fupi. Kisha nikaiamsha programu. Ikaandika mstari mmoja: imemwita kaka mkubwa afunge ujumbe, na kaka mkubwa hana mikono. Maneno yake yalikuwa mengine, lakini maana ni hiyo. Ikajifunga. Nikaiamsha tena. Ikajifunga haraka zaidi.

Dereva akafungua nyuma ya lori.

Maxwell akasogea. Hakuomba ruhusa. Aliandika mstari mmoja tu, uliofuta laibrari yangu yote, ya siku tano na safari mbili. Akaiamsha programu. Ikasema: baridi nne, imetumwa. Akanieleza kwa sauti ya chini, ambayo watu wote waliisikia, kwamba laibrari niliyoihitaji imo ndani ya laptopu tangu iliponunuliwa. Yangu ilikuwa imesimama mbele yake imeziba njia.

Bi Cate alikuwa amekunja uso. Akasema haelewi hii shida ni ya nini, maana ofisi imepokea kiwango kila saa tangu Jumanne, mchana na usiku. Wameipenda sana mashine yetu. Ya bichi nyingine hutuma namba tu. Yetu husalimia kwanza. Akasoma kwenye simu yake: "Habari za asubuhi. Ni nne. Samaki wako salama." Alhamisi iliandika: "Poleni, ni saba, kuna mtu hapa tunashughulika naye."

Tukageuka wote. Phelesia akauliza kama kusalimia ni makosa.

Chumba kinabaki. Bi Cate ametia sahihi juu ya beseni la Phelesia lililogeuzwa. Akina mama walimnyanyua Phelesia nusu, kisha wakamshusha kwa sababu simu yake ililia: saa sita imefika, muda wa kutuma.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani watu wamemsalimia Maxwell kwa mikono miwili. Mimi nimesalimiwa na Jaduong' Job peke yake, aliyetaka kujua kama kibanda kilisimama vizuri. Nikasema kilisimama.

Nimefikiri wakati wote wa mahubiri. Kosa halikuwa kibanda. Kosa ni laibrari mbili ndani ya laptopu moja. Na ile iliyokuwemo, nani aliijenga? Hakuna anayemjua hapa. Hatuwezi kukabidhi samaki wa akina mama kwa mtu tusiyemjua kwao.

Baada ya ibada nimefungua ofisi na kuifuta laibrari hiyo iliyokuwemo. Mashine iliuliza mara mbili kama nina hakika, ikaniorodheshea vitu arobaini na vitatu vitakavyoondoka pamoja nayo. Napenda mashine inayomuuliza mwenyewe. Nikajibu ndiyo, mara mbili.

Kisha nikataka kuchukua msimbo mpya mtandaoni, hata ukichukua usiku kucha, niijenge sawasawa, bila papara.

Tangu saa nane mchana laptopu haifungui hata ukurasa mmoja wa mtandao, wala haitumi kiwango. Phelesia amerudi kutuma kwa simu.