Lalamiko Kuhusu Ekseli ya Nyuma na Wanaume Wanaoitolea Ushauri

Kwa Ndugu Mhariri wa Sauti ya Mirrawilla, na kwa kila anayelisoma gazeti hili akisubiri kukatiwa nyama buchani,

Nakusalimu kutoka Barabara ya Matangi, kwenye nyumba yenye gari lililokaa miezi juu ya magogo. Sikutajii namba ya nyumba. Wanaume wote wa mji huu wanaifahamu, kwani wanashinda humu.

Jina langu ni Verna Noske, mke wa Lyall Noske. Mimi si mtu wa malalamiko. Gazeti lako nimeliandikia mara moja tu, ile ya mbuzi makaburini, na mbuzi wale walikuwa na adabu kuliko watu nitakaowataja hapa.

Kabla ya Pasaka, mume wangu alikuwa akivuka korongo na tangi la maji nyuma ya gari letu la porini. Ekseli ya nyuma ikakatika katikati ya mchanga. Lyall akaamua kununua nyingine iliyotumika. Ulikuwa uamuzi wa busara, Ndugu Mhariri, na ndio wa mwisho aliofanya. Sasa kondoo wameshanyolewa, yaani miezi imepita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuvamiwa. Bwana Clarrie Trezise, mwenyekiti wa chama cha magari ya porini, alikuja "kutupia jicho." Alilala chini ya gari juu ya mto wangu wa sebuleni, akatoka na doa la oili mgongoni na hekima mdomoni. Akamwambia mume wangu, "Lyall, ndugu yangu, usinunue ya kwanza utakayoiona. Ya kwanza huwa na sababu yake ya kuwa ya kwanza." Kesho yake alirudi na kamati nzima. Walikuja na viti vya kukunja. Mtu anayekuja kukusaidia haji na kiti. Skoni zangu, vile vimkate vya chai, ziliisha, jamu ya kwandongi, tunda la porini la huku kwetu, ikaisha, na mtungi ulipobaki mtupu mmoja wao akaniuliza kwa upole kama miti ya kwandongi huzaa mara mbili kwa mwaka.

2. Mjadala wenyewe. Mimi nimekulia kwenye shamba la kondoo na ekseli naijua: bomba la chuma lenye tumbo la meno katikati na gurudumu kila upande. Ukinunua iliyotumika, unapima upana, unatazama breki, unahesabu meno ya ndani yalingane na ya mbele, unalipa, unarudi nyumbani kula. Lyall alikwenda kwenye yadi ya magari mabovu ya Dot Pascoe, akaona moja, akarudi na furaha. Haina kutu, alisema, na oili yake ni safi. Clarrie akatikisa kichwa: oili safi ni dalili kwamba kuna mtu anaficha jambo. Lyall akapata ya pili, oili yake chafu. Clarrie akasema hiyo haikutunzwa. Ya tatu haikuwa na oili kabisa. Clarrie akasema, "Angalau hii ni kweli tupu." Nayo wakaikataa.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli. Haliharibiki, linaozea hapohapo tu.

3. Mama yangu. Hapa naomba msomaji aweke nyama chini.

Mama, Ilma Zwar, anaishi peke yake ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba aliyozaliwa. Ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Hospitali ya mjini ilimpa siku ya kupasuliwa, baada ya kungoja muda ambao sitautaja kwa sababu nitalia. Gari langu dogo halivuki ule mchanga. Nilimwambia Lyall mezani, "Lyall, mama anapasuliwa Alhamisi ya wiki ijayo. Nunua yoyote."

Alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Siwezi kununua yoyote, Verna. Clarrie anasema kuna moja inakuja, ina breki za diski."

Msomaji atauliza kwa nini sikuazima gari la mwanachama mwingine. Msomaji huyo hakijui chama. Magari yao yote yako juu ya magogo, yanaboreshwa. Linalotembea ni la Clarrie peke yake, nalo limepakwa rangi mpya na haliwezi kupelekwa porini.

Ekseli yenye breki za diski haikuja. Alhamisi ile mama alivaa koti lake la kanisani, akasimama getini na mkoba wake tangu alfajiri. Nilikuwa nimemwambia nitafanya kila niwezalo, naye akaamini. Kwa macho yale hakuweza kujua kama vumbi analoliona ni gari au ni upepo, kwa hiyo alilipungia mkono kila vumbi. Nilipompigia simu mchana akasema, "Usijali, mwanangu. Vumbi lilikuwa zuri."

Nilimpelekea Lyall maneno hayo kama yalivyo. Alitoka, akapanda kwenye gari lile juu ya magogo, akakaa mikono kwenye usukani mpaka kuku walipoingia bandani.

4. Dharau dhidi yangu. Hospitali ilipotupa siku nyingine, nilikwenda mwenyewe kwa Dot Pascoe. Dot akaniuliza nataka ipi. Nikamwambia, "Ile iliyo karibu na mlango." Akaanza kunieleza jambo fulani la upana. Nikainua mkono. "Dot, ukinishauri tu, naondoka." Dot ni mwanamke mwerevu. Aliipakia kwenye lori lake akaileta nyumbani kwangu. Lyall aliifunga bila kuinua macho, na mama akavuka korongo, akapasuliwa jicho la kwanza, akalala kwangu salama.

Chama kilipokea habari hizi kama msiba. Clarrie alisimama getini kofia mkononi. "Shemeji, umenunua bila kupima."

Nikamjibu kwamba aliyehitaji kupimwa alikuwa mama yangu.

Kwa sababu hizo naliomba Baraza la Wilaya, kupitia gazeti lako, lipitishe sheria kwamba mwanamume yeyote atakayesema "mimi ningekuwa wewe" mbele ya gari lililoinuliwa asafishe vyoo vya uwanja wa maonyesho mpaka gari hilo litembee. Pili, chama kiandikishwe kama dhehebu, maana kina imani, kina mahubiri na kina mgawanyiko. Tatu, ushauri kuhusu ekseli uwekwe kwenye kabati moja na sumu ya panya, na ufunguo nipewe mimi.

Nisalimie mchinjaji na mkewe, kikosi cha zimamoto, na hasa Noreen Trezise, ambaye aliolewa na mwanamume akajikuta kwenye dhehebu. Mwambie aje anywe chai. Aje bila mtu.

Ni mimi, niliyevumilia mpaka mto wa sebuleni ukaharibika,
Verna Noske (Bibi)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Leo asubuhi mama ametolewa bandeji, akatoka uani kutazama dunia. Alitazama mlima, akatazama kuku, kisha akatazama chini kwa muda mrefu. "Verna, hapa yamepita magari mangapi?"

Nikamwambia moja tu, letu.

"Mbona basi mistari ya matairi ni minne? Ya nyuma hayafuati ya mbele. Hiyo ekseli si ya gari hili, mwanangu."

Tumepima kwa futi ya cherehani. Imezidi kiganja kizima. Lyall alitazama mawingu, akajizuia kusema "nilikuambia," na niliona jinsi kujizuia huko kulivyomgharimu. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, usichapishe hayo ya juu. Chapisha tu kwamba Bwana Clarrie Trezise na kamati yake wanahitajika Barabara ya Matangi Jumamosi, na viti vyao. Skoni zitakuwepo. Ila waje wamejiandaa, kwa sababu mimi na mama tuna maoni kuhusu breki za diski.