Malalamiko Kuhusu Gitaa la Bandia la Fundi Hezron

Ishaka Athuman,
Mpiga solo, Mpakani Jazz,
Tunduma.
Juni, 1983.

Kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Vwawa, Mbozi.

Ndugu Afisa,

YAH: KUPIGWA MARUFUKU GITAA LA UMEME LILILOZALIWA UANI

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kama si mzima, tafadhali iweke kando mpaka upone, maana yaliyomo yanataka mtu mwenye nguvu zake. Mimi sijambo kwa mwili tu.

Nilikuja Tunduma na ujenzi wa reli. Reli ilipita ikaenda zake, mimi nikabaki kwa sababu ya mke wangu Fatu na kwa sababu ya gitaa. Gitaa lenyewe ni Rosmondi, la kiwandani, la Amerika. Nililinunua Ndola kwa mwanamuziki mmoja aliyeokoka akawa hataki tena habari za dansi. Hapa mpakani hakuna anayelijua jina la baba yangu. Hata watoto wakinisalimia husema shikamoo Rosmondi, nami huitika marahaba kwa moyo mkunjufu.

Sasa Rosmondi limepata pacha.

Yupo seremala wetu hapa, Hezron Simbeye, mtu wa milango na majeneza. Ndiye pia anayelitibu gitaa langu likiugua, kwa hiyo ufundi wake siukatai, naukataa ujasiri wake. Mwaka jana aliletewa sanduku na shemeji yake Watson kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ndani yake mlikuwa na gitaa lililogawanywa kama mbuzi wa sikukuu: shingo kivyake, nyuzi kivyake, funguo za kukazia nyuzi, na zile sumaku zinazonasa sauti. Inaonekana Wazungu siku hizi wanauza gitaa kabla halijawa gitaa, mnunuzi alimalizie mwenyewe nyumbani. Mwili haukuwemo, basi Hezron akachonga wa mninga. Mwezi uliopita akatutolea gitaa zima, linang'aa, na kichwani limeandikwa ROSMONDI. Hongera sana kwake.

Yote haya ningeyameza. Lakini kamati ya tawi imetangaza kwamba Jumamosi ijayo bendi yetu na bendi mpya ya Hezron zitashindanishwa, na itakayoshinda ndiyo itakayokwenda Mbeya kwenye mashindano ya mkoa. Nikishindwa na kitu kilichochongwa karibu na banda la kuku, sitakuwa na uso wa kutembea nao Tunduma. Kwa hiyo nakuwekea malalamiko yangu kwa mpangilio:

1. Jina. Jina la kiwanda ni mali ya kiwanda. Hezron alipoulizwa mbele ya watu kwa nini gitaa lake linaitwa Rosmondi, alijibu kwamba hata yeye anaitwa Hezron na hajatoka kwenye Biblia. Watu wakacheka. Nimeitafutia hoja hiyo jibu tangu siku ile sijalipata, jambo linaloonyesha wazi jinsi hoja yenyewe isivyo na adabu.

2. Kuzaliwa. Gitaa halali huzaliwa kiwandani, mikononi mwa watu waliovaa makoti meupe, ambao hawalijui, hawalipendi, na hawatalipiga maishani mwao. Hiyo ndiyo heshima ya kitu. Hili la Hezron limeungwa uani huku kuku wakipita, na mkewe Nesta akilishika shingo kwa mkono mmoja na kusonga ugali kwa mwingine. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na sanduku waliwashia moto. Hezron alifanya kazi kwa sikio: anagonga ubao, anatega, anaparuza kidogo, anagonga tena, kama mama anayechagua nazi sokoni. Nauliza kwa unyenyekevu, kitu kilichotengenezwa na mtu anayekijali hivyo kitakuwaje halisi?

3. Mbao. Mninga wenyewe ni mabaki ya mabenchi ya kanisa. Ubao ule ule Jumapili unakaliwa na waumini, Jumamosi uko kwenye kilabu cha pombe ya kimpumu. Mimi ni Mwislamu, hayanihusu, ila nimeumia kwa niaba yao. Nilimweleza Mchungaji. Akaniuliza dansi linaanza saa ngapi.

4. Sauti. Hapa naomba uwe makini. Kama gitaa lile lingelia vibaya, nisingekuandikia. Kitu cha bandia chenye sauti ya bandia ni kitu kiaminifu. Kimekueleza hali yake, na wewe unakihurumia. Lakini hili la Hezron, likiunganishwa na spika kwa betri ya lori, linalia vizuri. Linalia vizuri mno. Huo ndio uongo wenyewe. Mwizi aliyevaa matambara tunamtambua, je, aliyevaa suti aliyoishona mwenyewe ikamkaa?

5. Taifa. Siasa ya kujitegemea naiunga mkono kwa mikono miwili, na nimeiimbia nyimbo nyingi nikitumia gitaa la Amerika. Lakini tuliambiwa tujitegemee, hatukuambiwa tumtegemee Hezron. Leo ni gitaa. Kesho mtu wa Ibaba atajiundia redio, na akishaiunda atajitungia na taarifa ya habari. Kamsamba nao watajitengenezea trekta, waanze kulima kabla ya lile waliloahidiwa kufika, na hiyo itakuwa aibu kwa waliowaahidi. Wakati huu ambapo nchi nzima inawasaka wahujumu uchumi, ni mhujumu gani mkubwa kuliko yule anayetengeneza vitu ambavyo sisi wengine tumeshazoea kuvikosa?

6. Hili si la kitaifa, lakini silifichi. Jumamosi iliyopita Hezron alilipiga gitaa lake, nami nilikuwa nje nikizungumza na madereva. Niliporudi nilimkuta Fatu katikati ya uwanja, macho ameyafumba, anacheza. Nilipomuuliza, alisema alidhani ni mimi. Ndugu Afisa, niliumia. Mume anaweza kuvumilia mkewe akicheza gitaa la mwenzake, lakini si kwa sababu ile.

Kutokana na hayo naomba gitaa la bandia lipigwe marufuku wilaya nzima. Kama sheria hairuhusu, basi jina lifutwe, liandikwe MLANGO, kwa kuwa ndiyo kazi inayojulikana ya aliyelitengeneza. Kama na hilo ni gumu, lipigwe likiwa limeelekezwa ukutani, na wananchi waagizwe wakilisikia wacheze kwa mguu mmoja, ili mguu wa pili ubaki kwa kitu halali. Na ikishindikana kabisa, Hezron apelekwe Amerika akaombe radhi kiwandani. Niko tayari kujitolea kumsindikiza.

Nimeyasema haya mjini hadharani, sokoni, msikitini na kwenye foleni ya sukari, kwa hiyo usidhani namsengenya mtu.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani, mhudumu wa chai, dereva, na yule mlinzi aliyenizuia mwaka jana akidhani gitaa ni bunduki. Mwambie sina kinyongo. Fatu anakusalimu, anauliza kama sabuni imefika duka la ushirika hapo Vwawa, au nanyi mnajisuuza kwa maji na imani kama sisi.

Ni mimi mlinzi wa vitu halisi hapa mpakani,

Ishaka Athuman

Tanbihi: Barua hii ningeichana, lakini karatasi zimeadimika na hizi nilizipata kwa kubembeleza, basi nakuomba uendelee kusoma.

Mchana huu nimekwenda kwa Hezron kuchukua gitaa langu, ambalo nilimwachia juzi ili alikarabati kwa ajili ya mashindano. Amenikabidhi zima. Nikamshukuru kwa nyuzi mpya, nikamuuliza kazipata wapi. Akasema ni za sanduku la Watson, kama ile shingo aliyoniwekea gitaa lilipoanguka kutoka kwenye lori kule Mlowo, na kama zile funguo na sumaku za masika. Nikauliza, na shingo, funguo na sumaku zangu za zamani ziko wapi? Unaijua desturi ya mafundi wetu: kinachotolewa ni halali ya fundi, na mwenye mali hakiulizii. Sikuwahi kuuliza. Yeye alizinyoosha, akaziunga kwa gundi, akazifunga kwenye ubao wake wa mninga. Kila mara alinieleza alichobadilisha, nami nilimjibu afanye anavyojua, mradi lilie.

Kwa hiyo lile jina kichwani mwa gitaa lake ni la kiwanda. Lililo kichwani mwa gitaa langu alilichora yeye mwenyewe kwa rangi ya mlango, kwa sababu shingo ya sanduku haikuwa na jina na aliona nitahuzunika. Langu limebaki na ubao wa Amerika na mkanda wa kuvalia begani.

Nililiomba lake, nikalipiga pale pale uani. Ndilo lile la Ndola. Nililia, Ndugu Afisa, mbele ya Nesta na kuku wake.

Nilipofuta machozi nilimsihi tubadilishane, angalau kwa Jumamosi hii tu. Amekataa kwa heshima zote. Anasema amenisikia kila mahali mjini, ameyatafakari maneno yangu akayaona ni ya kweli, na hawezi kupanda jukwaani na gitaa la bandia.