Akili Nambari Moja

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Voi, na kwa wale wa Sagalla, Miasenyi hadi Mboghoni, kwamba kuanzia tarehe mosi Machi 1984 hakuna mtu atakayeruhusiwa kuwa na akili isiyojulikana mwenyewe ni nani.

Tangazo hilo lilibandikwa sokoni, stesheni, na kwenye mti mmoja ambao ndovu aliung'oa kabla watu hawajamaliza kusoma. Aliyelitia sahihi ni Bwana Thadeus Kilonzo, Mratibu wa Taaluma. Asichekwe mapema. Alikuwa anatii waraka.

Chanzo chake kilikuwa Daktari Dinah Wakio, mtoto wa Sagalla aliyesomea magonjwa ya akili mpaka ng'ambo. Alitaka kuacha kazi ya serikali afungue kliniki yake mjini Voi, akaiuliza wizara kama inawezekana, na huko mbele atapanda cheo kwa njia gani. Wizara ikatuma waraka kumtaka Bwana Kilonzo atunge ngazi ya vyeo kwa ajili ya "daktari wa akili wa binafsi". Waraka ulifika umelowa mvua, ikabidi Tryphena, karani wa ofisi, aupige taipu upya.

Tryphena alikuwa na vidole vyepesi kuliko karani yeyote mjini, ila ngeli hakuzipa uzito. Kwake kila kitu kilikuwa "ya": mtoto ya jirani, kiti ya mzee, mlango ya ofisi. Mji mzima ulisema hivyo na treni hazikuacha kufika. Basi akapiga "daktari wa akili ya binafsi" akaenda kunywa chai.

Bwana Kilonzo alikuwa amefunzwa sarufi kwa kiboko, na aliiheshimu. Alijua "ya" haiwezi kumhusu daktari. Kilicho cha binafsi hapo ni akili. Na kama kuna akili ya binafsi, basi lazima kuna akili ya serikali. Alishangaa kwamba nchi ilikuwa imejitawala miaka ishirini bila mtu kuliona jambo hilo.

"Tryphena, mshahara wako unalipwa na nani?"

"Na serikali, mzee."

"Unapopiga taipu unatumia nini?"

"Vidole."

"Na vidole vinaagizwa na nini?"

Tryphena aliitazama saa ya ukutani. "Na wewe, mzee."

Bwana Kilonzo akamsamehe, akaandika kanuni mwenyewe. Kila mtu anayelipwa na serikali alipewa nambari ya akili kwenye kipande cha bati, akivae shingoni. Mwalimu mmoja aliuliza kama wakati wa likizo akili inabaki shuleni. Alijibiwa kwamba, kwa jinsi ilivyochunguzwa, hivyo ndivyo inavyofanyika tayari. Nambari moja aliichukua Bwana Kilonzo mwenyewe.

Daktari Wakio alipoitwa kupokea ngazi yake, aliisoma akasimama.

"Bwana Kilonzo, sijaelewa. Napanda cheo kulingana na mali ya mgonjwa?"

"Ndiyo, Daktari. Utaanza Daraja la Kwanza, akili za wakulima wadogo wa Sagalla."

"Hao ni watu wa kwetu. Shida yao ni maji."

"Ndiyo maana ni la kwanza. La Pili ni wachuuzi wa Miasenyi. La Tatu ni wenye mashamba ya kumwagilia kule Mboghoni. Ukifika la Tano utatibu wenye mahoteli, hapo umemaliza."

"Na mtu wa serikali akiugua?"

"Akili ya serikali haiugui. Inachakaa. Tazama kifungu cha tisa."

Kifungu cha tisa kilisema kwamba akili ya serikali ikiharibika itashughulikiwa kama mali nyingine: itakaguliwa, itaandikwa chakavu, na itapigwa mnada hadharani.

"Umekiandika wewe?"

"Neno kwa neno. Samahani kidogo." Bwana Kilonzo akanyanyua simu ya mezani. "Kilonzo hapa. Ndiyo, mzee. Nairobi? Nashukuru sana, mzee."

Daktari Wakio aliutazama waya wa simu. Ndovu walikuwa wameangusha nguzo tangu Desemba, na simu ile haikuwa imelia tena. Hakusema kitu. Alikuwa Daraja la Kwanza.

Nyumbani, Syokau alisema. Mke huyu wa Bwana Kilonzo aliuza vitunguu kando ya barabara kuu pale Miasenyi, na kwa miezi mitatu alikuwa akila chakula cha jioni na mtu anayesimulia aliyoambiwa na simu.

"Baba Wanza, waya umelala chini tangu Krismasi. Unaongea na nani?"

"Mama Wanza, simu ya mkubwa haihitaji waya."

Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, aliogopa. Ijumaa jopo la vyeo lingefika kutoka Mombasa kumpima kazi yake, na likiridhika angehamia Nairobi kwa cheo kikubwa. Asubuhi alikwenda kwa daktari, kofia mkononi.

"Ningependa kukusaidia," alisema Daktari Wakio, na alimaanisha. "Lakini hiyo akili si yako. Nikiigusa nanyang'anywa leseni, na sahihi kwenye barua ya kuninyang'anya itakuwa yako. Huna hata kashamba Sagalla?"

"Sina."

"Basi pole."

Ijumaa jopo lilifika, mwenyekiti wake akiwa Bwana Gibson Mwandawiro. Kwa heshima aliandikishwa mlangoni, akavishwa bati nambari mia mbili na kumi na mbili. Alikuwa akisifu kanuni hizo wakati Bwana Kilonzo aliposhindwa kujizuia akanyanyua simu.

"Ndiyo, mzee. Wako hapa."

Jopo zima likasimama wima. Bwana Mwandawiro akafunga kifungo cha koti, akapokea simu kwa mikono miwili.

"Mwandawiro hapa, mzee. Ndiyo. Hata mimi niliona hivyo, mzee. Nitalishughulikia." Aliendelea kwa dakika mbili nzima, akiitikia kwa kichwa.

Tryphena alikuwa amekuja kuchukua vikombe. "Hiyo simu waya yake ilikatwa na ndovu," alisema.

Bwana Mwandawiro alirudisha simu mahali pake polepole. Kisha, kwa kuwa wajumbe wengine walikuwa wakitazama, na wawili kati yao walikitaka kiti chake, kifungu cha tisa kilisomwa kwa sauti, na akili mbili zikaandikwa chakavu.

Mnada ulifanyika Jumamosi. Bwana Kilonzo alisimamishwa kati ya baiskeli mbili zisizo na minyororo na kabati lililoliwa na mchwa.

"Imetumika miaka kumi na minane, ofisi moja tu," dalali alinadi. "Nani anaanza?"

"Shilingi moja," alisema mtu aliyekuwa akilikagua kabati.

"Tatu," alisema Syokau. Hakucheka. Akili hiyo alikuwa ameikosa nyumbani siku nyingi, na alikuwa amejiandaa kufika hata mia.

Akakatiwa risiti, akamshika mumewe mkono, wakaenda moja kwa moja kwa daktari. Akili ilikuwa sasa mali ya mchuuzi wa Miasenyi, yaani Daraja la Pili. Kwa kuwa mratibu wa kukataa hakuwapo tena, Daktari Wakio alijipandisha cheo, akavaa miwani, akaanza kazi. Ilichukua miezi minne. Siku Bwana Kilonzo alipoipita meza yenye simu bila kugeuza shingo, Syokau alilia hadharani wala hakuona haya.

Akili ya Bwana Mwandawiro haikupata mnunuzi. Kanuni ziko wazi: mali isiyonunuliwa hurudi kunadiwa mwezi unaofuata. Aliomba atibiwe kimyakimya, Daktari Wakio akamjibu kwamba yeye hana ruhusa ya kugusa mali ya serikali, aje akishanunuliwa. Kwa hiyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alishuka kwenye treni ya Mombasa, bati shingoni, akasimama pembeni ya kabati la mchwa, ambalo nalo halijawahi kununuliwa.

Mwezi wake wa tano pale, Bwana Kilonzo alipita na gunia la vitunguu begani.

"Bwana Kilonzo," mkubwa alinong'ona, "nitoe hapa. Imeshuka mpaka senti hamsini."

Bwana Kilonzo alimwonea huruma. Akatua gunia, akamgeukia mkewe. "Mama Wanza, unasemaje?"

Syokau alimzunguka Bwana Mwandawiro mara moja, akamtazama mbele na nyuma.

"Twende," alisema. "Nyumbani tuna moja, na inafanya kazi."