Barua ya Akina Mama wa Vuhovi

Jumatatu, 9 Septemba. Mususa.

Ashukuriwe Mungu, na baada yake wafadhili! Tangazo limetoka: nafasi sita za mafunzo mjini Beni, miezi mitatu, zimelipiwa zote, za kujifunza kutathmini athari za miradi kwa mazingira na jamii. Hadi leo, kila mradi ulipohitaji kuchunguzwa, mtaalamu alishuka na ndege kwenye uwanja wa Mavivi, akapiga picha mbili, akapaa. Sasa watafundishwa wana wa hapa. Yaani mimi.

Ni mwaka wa pili tangu nipate shahada. Mjomba Zorobabel, seremala, amenikumbusha kwa upole kwamba mwezi ukiisha sina kitu, randa inanisubiri katika karakana yake. Nampenda mjomba. Siipendi randa.

Masharti: mwombaji achague mradi mdogo, akutane na wakazi, alete orodha ya majina yao pamoja na barua yao. Gracieuse, niliyesoma naye darasa moja, anaomba pia. Alitaka kujua nitawauliza wakazi nini. Nilimjibu kwamba aliyesoma vitabu kwa kiasi changu haulizi, anathibitisha. “Aya, profeseri,” akasema. Bila shaka alivutiwa.

Jumatano, 11 Septemba.

Mradi wangu: kidimbwi cha samaki katika bonde la Vuhovi. Ripoti imekamilika, kurasa arobaini. Athari kwa jamii: hakuna. Vuhovi kwenyewe nitafika Jumamosi.

Jumamosi, 14 Septemba. Vuhovi.

Majina tisini na manne! Mchungaji Ananie, Mungu ambariki, alinipa kanisa. Nilipitisha orodha kabla ya kufungua kinywa. Kwetu, shirika likipitisha orodha, nyuma yake huja sucré, yaani soda, na mkate. Kila mtu anajua. Nami nilijua. Nilinyamaza. Mama mmoja aliandika hata jina la mtoto aliyekuwa mgongoni.

Nikazungumza saa moja na nusu, kuanzia falsafa ya Wagiriki. Nilipomaliza, macho yote yalikuwa mlangoni. Mzee mmoja aliuliza sucré iko wapi. Nilieleza kwamba elimu nayo ni kinywaji. Ndipo akasimama Mama Kyakimwa, kiongozi wa akina mama wakulima. “Mutoto yangu, umesema muzuri kabisa. Lakini sisi tutasema saa ngapi?”

Nilimjibu kwamba, kwa masikitiko, muda umekwisha.

Hata hivyo alinialika kwake, akanipa bugali na maharagwe. Wema ulioje! Akasisitiza, mara tatu, kwamba maharagwe yale yametoka bondeni, palepale ninapotaka kuweka samaki. Nilisifu ladha yake. Akanitazama sana.

Nilimpa barua niliyowaandikia, ya Kifaransa cha juu, atie sahihi tu. Akakataa. Wao wana mikono, alisema, wataandika yao.

Jumapili, 15 Septemba.

Barua imenifikia hapa Mususa, bahasha imefungwa kwa gundi, na agizo: “Upelekee bakubwa ba Beni. Hapana fungua!” Mimi ni mtu wa heshima. Niliiinua tu kuelekea jua. Karatasi nene. Ndani bila shaka ni sifa. Nimeanza kuona haya kabla ya kusifiwa.

Ijumaa, 20 Septemba. Beni.

Mkuu wa jopo ni Bwana Tshibangu, mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka Kasai. Nilimkabidhi bahasha kwa mikono miwili na kumwomba aisome kwa sauti.

Aliisoma kwa sauti.

“Bakubwa betu, huyu mutoto anajua kusema, kusikia hapana. Anataka kuweka samaki pale tunalimaka maharagwe kiangazi. Tulimuonyesha, akasema ni tamu. Ana roho nzuri. Tunaomba mumufundishe mbele ya kumupa kazi.”

Nilitamani ardhi inimeze. Niliona randa. Gracieuse, aliyekuwa nyuma yangu kwenye benchi, aliziba kinywa kwa kitenge. Bwana Tshibangu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaeleza kwamba kati ya barua ishirini, kumi na nane zina sentensi zilezile, za Kifaransa cha juu, kana kwamba vijiji vyote vimesoma chuo kimoja. Mbili tu zimeandikwa na wakazi: hii, na ile ya Gracieuse. Na kwa kuwa fedha zimetolewa ili kuwafundisha wanaohitaji kufundishwa, hakuna ambaye hitaji lake limethibitishwa kama langu.

Nimepata nafasi! Gracieuse pia. Nilimpigia mjomba, akalia, mzee wa watu. Nami nililia kidogo.

Jumatatu, 23 Septemba.

Nimetafakari. Ni dhahiri kwamba jopo lilivutiwa na kurasa zangu arobaini, likatumia barua kama kisingizio cha adabu. Hata hivyo mtu asiye na shukrani si mtu. Vuhovi wamenifungulia mlango. Wasingya, asanteni, wasingya sana!

Kwa hiyo nimewaandalia zawadi: miche mia tatu ya mikaratusi. Kesho asubuhi, wakiwa sokoni, nitaipanda yote kuzunguka chemchemi inayonywesha bonde lao. Gracieuse amenipigia simu akipiga kelele kwamba mikaratusi hunywa maji, chemchemi itakauka, niwaulize kwanza. Wivu! Nimemweleza kwa utulivu kwamba zawadi haiulizwi.