Nyoka wa Mpira na Mkungu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 2025
Ngedere wameshuka tena kutoka mlimani. Mapapai yote wamekula! Umebaki mkungu mmoja wa ndizi, na Jumapili mama mkwe anakuja kutoka Matombo. Ndiye aliyemwambia mke wangu Prisca kwamba ameolewa na kalamu, si jembe. Lazima aukute mkungu wangu mgombani, mbivu, wa njano. Prisca kashauri tuukate sasa hivi tuuvundike ndani. Nimekataa. Nani atajua kama nililima au nilinunua?
Nina mpango. Hofu ya nyoka tumeirithi sote, watu na ngedere, tangu enzi za kuishi porini. Tofauti ni kwamba binadamu anafikiri. Mimi hasa, maana nafundisha mantiki chuoni. Nimenunua nyoka wa mpira.

Jumanne, 3 Juni
Asubuhi nimekuta nyoka mgombani. Nimeruka ndoo, kandambili moja sijaiona hadi sasa. Kumbe ni wangu! Prisca kacheka hadi kakaa chini. Ila ngedere hawakusogea. Ushindi!

Alhamisi, 5 Juni
Nimekimbia tena. Nilijua ni mpira, nilijiambia kwa sauti. Miguu haikusikiliza.
Yule dume mkubwa, nimemwita Mwenyekiti, siku mbili alikaa ukutani akitazama tu. Leo kashuka. Kagusa mkia wa nyoka, karuka nyuma, kangoja. Kagusa tena. Kisha kamkalia! Hana papara hata kidogo. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawajafika hapo. Nilikuwa napiga makofi dirishani alipoanza kula ndizi. Akaita na ukoo mzima.

Jumapili, 8 Juni
Mama mkwe kafika baada ya misa. Nimempa shikamoo nikitazama chini, penye maganda. Kamwokota nyoka kwa vidole viwili, kauliza kazi yake nini. Nimeeleza yote: porini, urithi, hofu, akili. Kasikiliza kwa heshima. Kisha kauliza kwa nini sikuukata mkungu ukiwa mbichi, kama watu wote. Mimi wa mantiki nimeinama kuokota maganda! Kafungua kiroba chake: ndizi mbivu, kavundika mwenyewe wiki nzima. Kasema alijua atazihitaji. Nampenda sana mama huyu, hata aliposema Mwenyekiti angefaa kufundisha chuoni.

Jumatatu, 9 Juni
Mgomba wa pili umetoa mkungu! Prisca kasema ukikomaa tukate. Nimeagiza chui wa kitambaa, saizi ya kweli. Kuanzia sasa Prisca ndiye atakayetangulia kutoka nje asubuhi.